Ofisi ipo Kurasini, familia ipo Mbeya: nyumba Dar nitafute upande gani?

SWALI: Shikamoo. Nimehamishwa kikazi kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Ofisi ipo Kurasini, jirani na bandari, na natakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo chekechea. Dar nimewahi kupita tu, sijakaa. Dalali niliyeunganishwa naye kwa simu amenitumia picha za nyumba nzuri Goba, vyumba viwili na sebule, 350,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita. Shemeji yangu anasema nitafute Mbagala. Mwenzangu wa kazini anasema siku hizi watu wanahamia Kigamboni. Gari sina. Nilipie ya Goba kabla haijachukuliwa, au nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, na karibu Dar. Ya Goba usilipe. Goba ni pazuri, wanaokaa huko wanapapenda, lakini ofisi yako iko upande mwingine kabisa wa jiji, na jiko lenye makabati halitakurudishia masaa utakayoyaacha barabarani kila siku. Dalali akikwambia kuna mtu anakuja kulipa jioni hii, mwambie alipe tu.

Mgeni anapokuja Dar huuliza mtaa upi mzuri. Swali hilo ningeliweka la tatu. La kwanza ni kazi iko wapi, na hilo unalo jibu. La pili ni barabara ipi inakufikisha hapo bila kukatiza mji. Mji huu umekua kwa kufuata barabara kubwa nne zinazotoka katikati kwenda nje. Bagamoyo inaelekea kaskazini, inapita Mwenge hadi Tegeta na Bunju. Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo, Kimara na Mbezi. Nyerere, ambayo wengi bado tunaiita Pugu Road, inapita Tazara na uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto. Kilwa inashuka kusini kupitia Sabasaba na Mtoni hadi Mbagala. Halafu kuna Mandela, inayoanzia huko huko Kurasini kwenu, inakata Nyerere pale Tazara, inapita Buguruni na kwenda kukutana na Morogoro Ubungo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na asubuhi wengi wao wanaelekea sehemu zilezile chache: Posta, Kariakoo, viwandani, bandarini. Ndiyo maana hapa umbali tunauhesabu kwa foleni. Kilomita hazikwambii kitu.

Sasa ichukue hiyo Goba. Unatoka ndani kwa bodaboda hadi barabara ya lami, unapanda daladala mpaka Mwenge au Ubungo, unashuka, unatafuta nyingine ya kupita Mandela. Kwenye Mandela utakuwa pamoja na malori ya makontena ya kwenda Zambia na Kongo. Wewe wa Mbeya unayafahamu yakipita kwenu kuelekea Tunduma, huku ndiko yanakoanzia, na asubuhi yamejipanga. Kwa mtu anayefanya kazi Mwenge au Chuo Kikuu, Goba ingekuwa jambo la kufikiria. Kwako ni adhabu.

Nakuonya pia juu ya ushauri wa Kimara, maana utaupata. Watu wataisifia kwa sababu ya mwendokasi, mabasi yenye njia yake ya peke yake, ambayo ilianza 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Ni usafiri uliosaidia sana, ila unafaa zaidi anayeshukia Kariakoo au Posta. Wewe ukifika Gerezani safari bado. Kilwa Road nayo imejengewa njia yake ya mwendokasi hadi Mbagala, na dalali yeyote wa upande huo atakuonyesha vituo vilivyong'aa. Kituo si basi. Simama pale saa kumi na mbili asubuhi uone mangapi yanapita, na mangapi yanasimama yakiwa na nafasi ya kuweka hata mguu.

Kwa hiyo shemeji yako kakuelekeza njia sahihi, hata kama hakukueleza kwa nini. Upande wako ni kusini: Kilwa Road, Temeke na Kigamboni. Utakutana na watu watakaokunja uso ukitaja Mbagala au Temeke, kana kwamba ukikaa kaskazini ya mji umepandishwa cheo. Wasikilize kwa adabu, uendelee na hesabu zako.

Ila Mbagala ni jina la eneo kubwa sana. Zakhem, Kizuiani, Rangi Tatu, Charambe, na ukiendelea unaingia Chamazi na Kongowe. Mtu wa Chamazi na mtu wa Zakhem wote watakwambia wanakaa Mbagala, na safari zao hazifanani. Kuna jambo ambalo mgeni halioni kwenye ramani. Asubuhi, anayepandia Rangi Tatu anapanda gari likiwa tupu, maana ndipo linapoanzia. Anayekaa katikati ya njia, tuseme Mtongani, yuko karibu zaidi na mji lakini magari yanampita yamejaa, konda ananing'inia mlangoni na wala hageuki. Jioni ni kinyume chake: ukitokea Kurasini gari linakuja limeshapakia toka Kariakoo, na kupandia dirishani si hadithi, utaona watu wazima wenye tai wanafanya. Kwa hiyo ukichagua njia hii, ama kaa karibu kiasi kwamba bajaji au bodaboda inakufikisha ofisini kwa hela ya kawaida, yaani Mtoni, eneo la Kwa Aziz Ali, au Temeke, ama kaa mwanzo wa gari kabisa. Katikati ndiko kunakochosha. Na kila mwaka, Sabasaba ikifika, kuanzia mwisho wa mwezi wa sita hadi katikati ya wa saba, Kilwa Road inakuwa na foleni ya maonesho, hiyo izoee.

Chang'ombe ni ya zamani na imepangwa vizuri, mitaa inapitika, vyuo na shule vipo, Kurasini si mbali. Kwa 350,000 lakini huenda usipate nyumba nzima pale. Utapata upande wa nyumba, au ya uani. Siku Simba na Yanga wakicheza Uwanja wa Mkapa utajua umekaa wapi. Temeke penyewe, kuzunguka hospitali na kwenda Temeke Mwisho, utakuta nyumba nyingi za vyumba sita, wapangaji wengi, uani mmoja, choo cha kushirikiana. Kwa kijana asiye na familia hiyo ni namna nzuri ya kuanza maisha Dar, utajua mji haraka kuliko aliyejifungia getini. Kwa watoto wawili, tafuta inayojitegemea hata kama ni ndogo. Kurasini yenyewe sikushauri sana. Makazi yamekuwa yakipungua kadiri bandari na maghala yanavyopanuka, na malori usiku hayalali.

Kigamboni inahitaji maelezo, kwa sababu mwenzako yuko sahihi kuliko anavyojua. Wengi wakisikia Kigamboni wanafikiria pantoni ya Magogoni, foleni ya abiria na mvua ya mawimbi. Pantoni inakutua karibu na Posta, na kwako huko ni kurudi nyuma. Lakini Daraja la Nyerere, lililofunguliwa Aprili 2016, linatua Kurasini. Hilo ndilo linalobadilisha hesabu yako yote: mtu wa Kurasini anayekaa Tungi au Kibada anavuka tu maji na amefika, hagusi Kariakoo, hagusi Ubungo. Kibada ina faida nyingine. Ni moja ya maeneo yaliyopimwa kwenye mradi wa viwanja 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, pamoja na Toangoma, Bunju na mengine, kwa hiyo barabara za ndani zina upana wa kupita gari la zimamoto na hata lori la vyombo vyako. Ukitaka kuona thamani ya kupimwa, nenda Sinza, ambayo ilipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hadi leo mitaa yake imenyooka, wakati Tandale jirani yake ukimtafuta mtu lazima aje kukupokea njiani.

Hasara za Kigamboni ninazijua pia. Huna gari, hivyo uliza daladala zinazovuka daraja zinaanzia wapi na ya mwisho jioni ni saa ngapi. Ukipanda bodaboda au bajaji, tozo ya daraja utaikuta ndani ya nauli. Mtoto akiugua usiku, fahamu utakwenda wapi kabla hajaugua. Na usiende ndani sana kwa kufuata unafuu: Kigamboni ni wilaya ndefu, dalali anaweza kukupeleka mpaka mahali ambapo daraja liko mbali na wewe kama Goba ilivyo mbali na Mwenge, huku bado anaita Kigamboni.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo ningeliangalia kuliko sebule: kutoka kituoni hadi mlangoni. Madalali wana kipimo chao, "dakika tano tu kutoka lami," na dakika hizo ni za pikipiki yake, mchana, kiangazi. Tembea kwa miguu. Tembea tena saa mbili usiku, uangalie kama taa zipo, kama mama ntilie na wauza chipsi bado wako wazi, kama wanawake wanapita peke yao bila kuharakisha. Mtaa ambao saa mbili una watu ni salama kuliko wenye kuta ndefu na mbwa. Nenda pia Jumamosi usiku, maana baa iliyolala siku ya Jumanne utakapoletwa kuona nyumba, Jumamosi inaweka spika nje hadi alfajiri. Vigodoro, zile ngoma za kukesha mtaani, navyo vina mitaa yake.

Watoto. Huyu wa darasa la tatu asipande daladala. Nauli ya mwanafunzi ni pungufu sana ya ya mtu mzima, na makonda wengi wanawakwepa. Asubuhi utaona vituoni watoto wenye sare wameachwa na gari la tatu. Tafuta shule ya kutembea, na njia yenyewe isikatize Kilwa Road. Kwa maneno mengine, ukishapata mtaa, shule itangulie nyumba. Mwalimu mkuu atakwambia kama Januari kuna nafasi darasa la nne, na darasa lina watoto wangapi, bila kukudai hela ya kuonyeshwa.

Maji nayo. Dar inategemea sana mitambo ya Ruvu, na mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipopungua mji mzima ulikuwa kwenye mgao. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?" Yapo, kila nyumba ina maji siku ya dalali. Uliza majirani yanatoka siku gani, na yakikatika wananunua dumu shilingi ngapi. Angalia kama kuna simtank na lina ujazo gani kwa wapangaji wangapi. Kama ni kisima, fungua bomba uonje. Pwani hii visima vingi vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe mdomoni mwa bomba na sabuni haitoi povu, basi maji ya kunywa na ya chai utayanunua maisha yako yote hapo, na hiyo ni kodi ya pili.

Mafuriko ndiyo yanayowaingiza wageni mtegoni, kwa sababu wewe utakuja mwezi wa tisa, kipindi kikavu, kila bonde limekuwa uwanja wa mpira. Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilifurika, watu walikufa, na waliokuwa wakikaa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Hadi leo barabara pale Jangwani hufungwa mvua ikizidi. Kusini huku kuna mito ya Kizinga na Mzinga, kuna mabonde ya Keko, na mifereji mingi midogo isiyo na jina kwenye ramani. Angalia nyumba yenyewe inavyozungumza: kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali mawili, viroba vya mchanga nyuma ya ukuta, rangi mpya iliyoishia usawa wa magoti wakati juu ni ya zamani, kitanda cha jirani kilichopandishwa juu ya vipande vya tofali. Ukiona viwili kati ya hivyo, shukuru uondoke.

Kuna kitu kingine cha mtu anayetoka nyanda za juu. Mbeya mnajenga na kupanga kwa kukimbia baridi, na mazoea hayo utakuja nayo: utapenda nyumba iliyofunga vizuri, dirisha dogo, dari ya chini. Hapa kuanzia Desemba hadi Machi utalala nje. Tafuta madirisha yanayotazamana, ili upepo uingie huku utokee kule. Kusi unavuma kutoka kusini kuanzia karibu Aprili, na kaskazi unashika ukielekea mwisho wa mwaka. Bati bila dari usikubali hata kwa punguzo. Na jirani akishajenga ukuta wa ghorofa upande wa upepo, nyumba hiyo imekufa, haijalishi vigae vyake.

Sasa fedha. Kodi ya miezi sita kwa 350,000 ni 2,100,000. Ongeza ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, unafika 2,450,000 kabla hujanunua hata pazia. Kiasi hicho ukishakitoa kwenye mtaa usiokufaa, hutahama, utavumilia. Ndiyo maana nakushauri usipange nyumba ya familia mwezi wa tisa hata kidogo. Mwaka wa shule unaisha Desemba na mwingine unaanza Januari. Waache mama na watoto wamalize Mbeya. Wewe njoo peke yako, pokelewa kwa shemeji siku chache kama ana nafasi, kisha tafuta chumba kimoja chenye choo ndani, Temeke au Tungi, kwa mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu. Wapo, hasa wale wanaokaa palepale na wapangaji wao. Kwa miezi hiyo utakuwa umepanda magari ya njia zote mbili, ya Kilwa Road na ya darajani, umeona vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, zinaingia nyumba zipi, na umepata kitu ambacho dalali wa simu hana: wenzako kazini wanaokwambia "pale kwetu kuna nyumba inaachwa mwezi ujao." Nyumba nzuri za bei ya kawaida Dar nyingi hupatikana kwa namna hiyo, kabla hazijafika kwa dalali.

Ukinilazimisha kutaja sasa hivi, kabla hujafika, ningeanza kutafuta Kibada na Tungi, halafu Mtoni na Temeke, halafu Chang'ombe kama mke wako naye atapata kazi na bajeti ikapanda. Mbagala ningeiweka baada ya hapo, Rangi Tatu kwa sababu ya kuanzia gari. Lakini orodha hii ibadilishe mwenyewe utakapokuwa umesimama vituoni.

Utakapofika kulipa, usimlipe dalali kodi, wala mtu anayesema yeye ni mdogo wake mwenye nyumba. Nyumba moja kukodishwa kwa watu watatu siku moja ni jambo la kila mwezi mjini hapa. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, taja nyumba, uliza ni ya nani. Hata hivyo utahitaji kujitambulisha pale kama mkazi mpya, kwa hiyo hujapoteza safari. Muulize mwenyekiti au mjumbe maswali mawili ya ziada: kama nyumba iko ndani ya hifadhi ya barabara, na kama maji ya mvua hupita hapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kando ya Morogoro Road, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, na wapangaji nao walibeba vyombo kama wenye nyumba. Alama nyekundu ya X ukutani usikubali uambiwe ni ya zamani. Mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya serikali ya mtaa na ugongwe muhuri, na utaje nani anatengeneza nini. Pampu ya kisima ikifa, mtagombana kama haikuandikwa.

Umeme uliza kama mita ni yako peke yako au mnagawana kwa submita, na kama mnagawana, nani anakusanya. Siku ya kukabidhiwa funguo nunua umeme wa 5,000 mwenye nyumba akiwa amesimama hapo. Kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021, hiyo ni kawaida, kubalianeni ataifidia vipi. Yuniti zikitoka chache kuliko inavyopasa hata ukishatoa kodi hiyo, kuna deni kwenye mita, na ni lake kulimaliza kabla hujashusha godoro.